Siku Nilipoikosa Fainali

Río Manso,
9 Desemba 1984

Kwako kaka yangu Hipólito,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua meli yenu ilipopita New Orleans kimeshapoa. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake unamuuma mvua zikianza, lakini bado anakuna mihogo ya kuoka mikate ya casabe pamoja na wenzake, na kwa maneno hakuna anayemweza. Mke wangu Mirta naye anakusalimu. Habari zake nitakupa kwa utaratibu, kwa hiyo usiruke mistari kutafuta mwisho. Soma kama nilivyoandika.

Kwenye kadi yako uliniuliza habari za timu, na kama bado wananiita Paka. Wananiita, ila siku hizi wananiita hivyo nikiwa benchi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mdogo wako, ambaye watu walikuwa wakija uwanjani kwa ajili ya kumwona akiruka golini, amekaa benchi tangu mwezi wa sita, na aliyemweka huko ni mtu mmoja anaitwa Santos Guity.

Huyu Santos alikuja hapa kumwoa Fidelina, yule mjane wa karibu na kanisa. Ni fundi wa mitumbwi. Ni mnene kiasi, miguu imepinda kidogo, na upara umeshaanza kumnyemelea. Siku ya kwanza alipokuja mazoezini tulicheka. Nilimwambia kocha Evaristo kwamba kama anataka kuziba goli kwa mtu asiyeruka, basi bora aweke kabati. Santos mwenyewe alicheka kuliko wote, akaingia golini.

Kaka, yule mtu haruki. Nimemwangalia mechi baada ya mechi nikitafuta kosa, na sikuona. Mshambuliaji akiinua kichwa tu, Santos ameshasogea hatua moja kushoto, na mpira unakuja unampiga kifuani kana kwamba ametumiwa mzigo wake. Kona zikipigwa, unamsikia akiwapigia kelele mabeki kabla mpira haujaondoka: “Nolberto, mshike huyo wa nyuma! We Chago, toka hapo, unaniziba macho!” Basi hakuna hatari. Watu hawashangilii, kwa sababu hakuna cha kushangilia. Anamaliza mechi bukta yake ikiwa safi kama ametoka misa. Mimi nilikuwa natoka uwanjani tope hadi masikioni, watu wamenibeba juu, na bado tumefungwa matatu.

Sikulala vizuri miezi hiyo. Kama angekuwa ananyanyua mabega na kujisifu, ningemchukia kwa amani. Lakini alikuwa akinisalimu kila siku, “Vipi, Calixto, mwenzangu,” na mimi namjibu kwa pua. Watoto wa pwani waliacha kurukaruka mchangani kama mimi, wakaanza kusimama wamepanua miguu kama yeye. Mama yetu, mama aliyenizaa mimi, alianza kumpelekea bakuli la machuca, zile ndizi za kuponda na mchuzi wa samaki, kila Jumapili, eti ametengeneza mtumbwi wa mjomba vizuri. Jioni moja Mirta alikuwa akiukanda mgongo wake, tumbo limeshakuwa kubwa, akasema bila kufikiri, “Ninachompendea Santos ni kwamba hana papara.” Nilitoka nje. Nilizunguka kijiji kizima nikijiambia kwamba sasa ameingia mpaka jikoni kwangu.

Siku moja mwishoni mwa Septemba, baada ya mazoezi, tulibaki wawili tukikusanya mipira. Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa kejeli kama magoti yake yamepigwa misumari, maana sijawahi kumwona hewani. Hakukasirika. Alisema, “Siku ukiniona naruka, ujue nimechelewa.” Halafu akaniuliza Mirta anatarajia lini. Nikamwambia Novemba, mwishoni. Akaniuliza mto unajaa lini. Nikamwambia kila mtu anajua mto unajaa Novemba, yeye ni mgeni ndiyo maana anauliza. Akauliza tena, kwa sauti ileile ya taratibu, na fainali ni lini. Novemba. Akaokota mpira wa mwisho akasema, “Basi mipira mitatu inakuja upande mmoja, ndugu yangu. Wewe umesimama wapi?”

Nilimwambia achunge mke wake, wangu aniachie mimi. Nilimtupia wavu wa mipira miguuni nikaenda zangu.

Lakini maneno yalinifuata nyumbani. Unakumbuka yaliyotupata mwaka juzi na mtoto wetu wa kwanza. Sikukuandikia yote. Nilikuambia tu kwamba Mungu alimchukua. Ukweli ni kwamba uchungu ulipomshika Mirta, barabara ilikuwa imeshakatwa na mto, nami nikakimbia nyumba hadi nyumba kutafuta gari, nikampigia kelele mwenye mashua, nikaanguka, nikainuka, na wanakijiji wote wakasema hawajapata kuona mwanamume aliyehangaika vile kwa ajili ya mkewe. Walinisifu, Hipólito! Mtoto amefariki, na mimi nasifiwa kwa jinsi nilivyokimbia. Na nilizipokea zile sifa. Haikunijia hata mara moja kujiuliza kwa nini mwezi mzima kabla ya hapo nilikuwa nimekaa tu nikiitazama mvua.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba nilimchukua Mirta nikampeleka mjini Tela, kwa shangazi yake Ofelia, nyumba iliyo karibu na hospitali. Mwenyewe alinishangaa. Alisema, “Wewe? Kabla hata sijalia?” Nikamwambia apande gari aache maneno. Wazo lilikuwa la nani sikumwambia. Nisamehe, lakini sikumwambia.

Mpango wangu ulikuwa kurudi kijijini kwa fainali. Hata kama ni benchi, fainali ni fainali, tena kwenye uwanja wetu, dhidi ya wale wa bandarini ambao unajua wanavyotudharau. Lakini siku moja kabla ya mechi niliamka nikatazama milima, nikaona kule juu kumekuwa kweusi tii, ingawa mjini jua lilikuwa linawaka. Kocha Evaristo alimtuma Chago na gari kunifuata. Chago alipiga honi nje kwa shangazi Ofelia akasema, “Paka, panda twende! Kesho jioni uko hapa tena, mkeo hata hajaanza kukunja uso.” Nilisimama mlangoni. Mirta alikuwa anakunja nepi. Nilimwambia Chago siendi. Alidhani namtania. Alipoona simtanii alisema nimesusa kwa sababu ya benchi, na kwamba golikipa anayesusa fainali asirudi kuomba jezi. Akaondoka akitimua vumbi.

Jumapili mchana Mirta alianza kutokwa na damu. Tulitembea tu hadi hospitali, kaka, maana ni mtaa wa pili. Walimwingiza ndani haraka, mimi nikaachwa kwenye benchi la ukumbini. Mlinzi alikuwa na redio, na redio ilikuwa inatangaza fainali.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, na wewe ukilisoma liache hukohuko baharini.

Kipindi cha pili, bado hakuna aliyefunga. Mtangazaji anasema mvua imefika uwanjani, mpira unateleza. Mara anapiga ukelele kwamba golikipa wa Río Manso amegongana na mshambuliaji na hainuki. Santos. Wanamtazama bega. Wanamtoa. Na mimi, mke wangu yuko nyuma ya mlango anamwaga damu, mimi nilifurahi. Moyo uliruka. Nilisimama wima pale ukumbini nikiwa nimekunja ngumi kama mtu aliyefunga goli. Kwa kitambo kidogo sikuwa na mke wala mtoto. Nilikuwa na Santos tu, chini, kwenye tope, hatimaye bukta yake imechafuka.

Kisha mtangazaji akauliza Paka yuko wapi, na mimi nikakumbuka nilipo.

Walimweka Nolberto golini, beki wa watu, akiwa na glavu za kuazima. Bao la kwanza lilipoingia, muuguzi mmoja alikuwa ameshatoka akiniita. Alisema wanampasua Mirta na wanahitaji damu, kwamba aina yake iliyopo haitoshi, na je, mimi ni wa aina gani. Ilikuwa inaoana. Nililala kitandani wakanitoboa mkono, na kupitia mlango nikasikia bao la pili. Sikusikia la tatu, ila niliambiwa lilikuwepo. Mechi ilipokuwa inakwisha, mto ulibeba daraja. Yeyote aliyekuwa kijijini siku ile alibaki kijijini siku tano.

Hipólito, umepata binti kwa mdogo wako. Tumemwita Adela. Ana mapafu ya mpiga tarumbeta na vidole virefu kama vyako. Mirta alidhoofu sana, daktari alisema wazi kwamba tungechelewa kidogo tu tungewapoteza wote wawili, lakini sasa yuko hapa ubavuni mwangu, anakula mkate wa nazi na kuniuliza nakuandikia nini kirefu hivi.

Hapa kijijini wengi hawanisemeshi. Wanasema niliitupa timu. Kocha hapokei salamu yangu. Mtu wa kwanza kuja kumwona mtoto alikuwa Santos, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Aliwaambia watu dukani, mbele ya kila mtu, kwamba ni yeye aliyenishauri niende, na kama wanatafuta wa kumlaumu wamlaumu yeye. Nilipoambiwa hivyo sikushukuru. Nilichofikiri ni hiki: hata hili nalo amelichukua! Alipomshika Adela kwa mkono wake mmoja mzima, mtoto alinyamaza. Kwangu huwa analia.

Basi ndivyo nilivyo, kaka. Nimejaribu kujisema na sijafanikiwa. Kila nikimwona binti yangu anapumua namshukuru Mungu, na papo hapo namwonea wivu yule mtu mwenye miguu iliyopinda.

Kuna ombi moja. Mirta anataka Santos awe baba wa ubatizo. Mama anataka. Padre mwenyewe ameshaniuliza. Mimi nimewaambia kwamba nafasi hiyo ni yako, na kwamba umeshakubali. Ubatizo tumeupanga baada ya Pasaka. Nakuandikia sasa hivi, Desemba, ili ukamwombe nahodha ruhusa wakati hakuna mwingine aliyeomba, na ukate tiketi wakati nafasi zipo. Chumba chako nimeanza kukipaka chokaa. Godoro nimelianika. Usiniambie mwezi wa tatu kwamba meli imebadilisha safari. Kaulize safari zake leo. Usipofika itabidi nimpe yeye, na atasimama pale kanisani kimya, mahali hasa panapotakiwa, na mimi sitavumilia.

Mama anasema uvae fulana ya sufu. Mirta anakubusu. Adela amelala, la sivyo naye ungemsikia.

Akulinde Mungu kwenye maji hayo, na akurudishe kwetu kabla ya Pasaka.

Mimi mdogo wako,
Calixto Norales