Siri Niliitoa Mimi, Aliyefungwa ni Mtumishi

Mama yangu Bi Thuraya wa safu ya mashauri, nakuandikia nikiwa sina wa kumwendea, na naomba usinitaje jina wala usimtaje mke mwenzangu, kwani mimi ni mke wa pili wa mtoto wa mtawala, na huku kwetu uso wa mke wa sheikh wa ukoo unaotawala hauchapishwi, mimi watu wamenijua kwa mkono tu, mkono unakata utepe wa shule, mkono umeshika kichwa cha yatima, mpaka mabinti wakawa wanakwenda kupaka hina kama yangu, na mimi, binti wa mwalimu ambaye mama mkwe alikuwa hata salamu hanijibu, nikajiona nimekuwa mtu.

Aliyekuwa akinitoa ni Ghinwa, mhariri wa jarida moja la wanawake, kila wiki ananipigia, "Una nini leo, kipenzi cha watu?" na mimi nampa, kisha mke mwenzangu akashika mimba baada ya kungoja miaka tisa, na Ghinwa akanyamaza wiki tatu nzima, na nilipompigia mimi akacheka, "Usininunie, Sheikha, watu siku hizi wanataka habari za nyumba ile." Bi Thuraya, niliumia.

Mwezi wa saba wa mimba mtoto akafia tumboni, na mume wetu alikuwa jangwani akiwinda na vipanga wake, simu haishiki, mwenzangu akanilalia mapajani akilia, akasema, "Asijue mtu mpaka nimwambie baba yake mwenyewe," na chumbani tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na Zenebech, Mhabeshi aliyemtumikia miaka kumi na mmoja, nami nikamwapia, na kesho yake nikampigia Ghinwa, sijui nilitaka nini, nadhani nilitaka tu afurahi kusikia sauti yangu. Jarida halikutaja jina, liliandika tu kwamba furaha ya nyumba kubwa imegeuka tanzia, nani asijue, na mume wetu alipofika kituo cha kwanza cha mafuta watu wakawa wanampa pole na yeye anauliza pole ya nini.

Sasa Zenebech yuko rumande. Mwenzangu alinikumbatia akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Nimebaki na wewe tu." Na Zenebech walipokuwa wakimtoa hakumtazama bibi yake, alinitazama mimi, akasema, "Mama, sema wewe. Mimi hata kusoma Kiarabu sijui." Nikainama kumfunga binti yangu viatu, na viatu vilikuwa vimeshafungwa. Jumapili ya wiki ijayo anapandishwa kizimbani, nami nikisema nitaachwa na binti yangu atabaki kwao, na nisiposema siwezi hata kula, na mwenzangu tangu siku ile hagusi gazeti wala jarida, anakaa tu ananishika mkono. Nifanye nini?

Mkosaji, nyumba kubwa

*

Binti yangu,

Pole. Mtu akikaa mahali asipojibiwa salamu, humpenda yeyote anayempigia simu. Hilo nalielewa, na pole yangu inaishia hapo.

Uliutoa msiba wa mwenzio ili uulizwe hali. Na usiniambie hujui la kufanya, umelijua tangu uliposhika viatu vile. Unachotafuta ni njia ya kusema bila kuonekana, kwa sababu umezoea kuonekana mkono peke yake. Njia hiyo haipo.

Utaachwa? Huenda. Binti atabaki kwao? Huenda, na hilo linaniuma mimi pia, nina mabinti. Lakini Zenebech ana watoto wangapi kwao? Umeandika barua nzima na hukugusia. Sidhani kama uliwahi kumuuliza.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Jumapili nilikupigia kwa namba uliyoiacha, ukasikia jina langu ukakata. Jumanne nikapiga tena, ukaninong'oneza, "Iandike tu gazetini, Bi Thuraya." Gazetini! Mtoto wewe, hujashiba magazeti? Basi nimeiandika. Majina nimeyaficha, la mwenzako hasa, ameshaandikwa vya kutosha. La Zenebech nimeliacha, yeye hana la kuficha, na la Ghinwa pia, yeye ndiye aliyechapisha. Na karatasi yenyewe, yenye mwandiko wako, jana nilimkabidhi wakili wa Zenebech. Unaweza kunilaani. Sikuahidi kukutunzia siri inayomweka mtu ndani.

Fanya hivi. Simu iache chumbani. Nenda kwa mwenzako kwanza, kabla ya mumeo, maana kidonda ni chake. Mwambie "ni mimi," kisha nyamaza. Usitie "lakini," usimtaje Ghinwa, usilie kabla yake. Msamaha usiuombe leo, hana wa kukupa. Akikufukuza, toka uende moja kwa moja kwa mumeo, apige simu kituo cha polisi wewe umesimama hapo hapo, na usiondoke mpaka umesikia amri ya kumtoa. Zenebech akirudi umpokee mlangoni mwenyewe, watumishi wote wakisikia, useme aliyesema ni nani.

Leo ni Alhamisi. Gazeti hili linafika kwenu saa kumi na mbili asubuhi, na mwenzako hataligusa. Wakili atabisha hodi saa nne. Ukimtangulia kwa mwenzako, utakuwa umekiri. Ukimngoja, utakuwa umekamatwa, na mwenzako atapigwa na habari mdomoni mwa mgeni, kama alivyopigwa mumeo. Liweke chini gazeti uende.