Kiota Chenye Milango Miwili

Jumamosi, Kyuso. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua hakuna.

Nisamehe, shajara, nimekaa wiki tatu bila kuandika. Mtoto mchanga halali vizuri, na mimi silali. Lakini si hiyo tu. Nilikuwa naona aibu.

Boma la mbuzi lilibomoka upande mmoja. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua panga, nikaenda kukata miiba kwenye mgunga ulio kando ya shamba la ndengu. Tawi la karibu lilikuwa na kiota kinachoning'inia, cheupe, laini kama soksi ya mtoto. Ni cha kandege kale kadogo ka kijivu kanakotafuta wadudu kwenye miiba. Hata jina lake silijui.

Niliangalia kwanza, Mungu anajua. Nilitia kidole kwenye shimo. Tupu.

Nikakata.

Nimefika nyumbani navuta tawi, Mwende wangu wa miaka minne akaniambia, "Mama, hii soksi inalia."

Mama mkwe akainama, akafinya kiota pale juu ya shimo. Pakafunguka mlango mwingine, mwembamba, uliokuwa umejifunga kama mdomo. Ndani kulikuwa na makinda manne.

"Hilo shimo la chini ni la kudanganya nyoka," akasema. "Leo limenasa msomi wetu."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Nilirudi mbio, nikafunga lile tawi kwenye mti uleule kwa kipande cha leso, chini kidogo. Wazazi walikuja. Walizunguka pale palipokatwa, wakiita kwa sauti yao nyembamba, na kiota kiko hapo chini, mkono ungefika. Hawakukiona. Mtoto akaanza kulia, nikaenda kumnyonyesha.

Asubuhi makinda yalikuwa baridi.

Matawi yalikuwa mengi. Nilichoka tu, nikataka lile la karibu.

Na Mwende nilimwambia wamelala.

Sikati tena mgunga kufunga boma. Hiyo nimeamua. Dada Kalekye, najua uko Mbumbuni na unasoma shajara hii mtandaoni, na uliniuliza nikutajie ninachohitaji. Nitumie ile seng'enge iliyobaki ulipozungushia shamba, hata kama ina kutu. Misumari ya kuishikilia, nusu kilo. Koleo, nitairudisha. Na wewe uliyelea watatu, nitumie maneno ya kumwambia Mwende, kwa sababu kila asubuhi ananiuliza kama wameamka.