Damu ya Mtu Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Mashine mpya ya kupima sukari na homoni imewashwa leo. Desturi ya maabara yetu: kabla ya damu za wagonjwa, mtafiti hutoa yake, iwe mfano wa mtu mzima, asiyeumwa. Nilikunja mkono wa koti kwa mbwembwe. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, alinichoma huku akilalamika kwamba mishipa yangu inajificha. Wivu tu. Miaka yote hii nachunguza jinsi insulini inavyobisha hodi kwenye seli za wagonjwa na kunyimwa mlango — damu yangu inajua kazi yake.

Jioni Mama alikuwa akitafuta kopo la sukari. Nimelificha chumbani kwangu, nyuma ya viatu. Ana kisukari, na kujizuia hawezi, maskini.

Jumanne, 5 Machi

Mashine mbovu! Eti sukari yangu iko juu, na insulini nayo iko juu. Yaani seli zangu zimetia pamba masikioni. Fundi kaikagua, kasema haina kasoro. Damu ya Miwani imetoka safi — na yeye ndiye anayetafuna biskuti mchana kutwa. Hakuna haki duniani.

Jumatano, 6 Machi

Tumerudia. Yale yale. Nikasema sikulala vizuri. Nikasema nina mafua. Nikasema ni mambo ya ukoo. Miwani akacheka mpaka akavua miwani: visingizio vile vile tunavyoletewa na wagonjwa wetu. Nikasusa chakula cha mchana. Sawa, nilikula.

Mkuu wetu kaniita pembeni. Damu yangu haifai tena kuwa mfano wa mtu mzima, kasema, ila upande wa wagonjwa nafasi zipo. Alidhani ananichangamsha. Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia chooni. Naogopa. Nimeona macho yaliyopofuka na miguu iliyokatwa katika kazi hii.

Nyumbani sijasema kitu. Nitamtazamaje Mama?

Ijumaa, 8 Machi

Mama amekuwa mpole kupita kiasi. Anakunywa chai bila sukari, hanung'uniki. Vipimo vyake vizuri mno. Nikampongeza kwa ile sauti yangu ya kidaktari. Akashukuru, akasema tangu nilipolificha lile kopo amepata nafuu. Kisha, taratibu kabisa — mbona huko nyuma ya viatu limebaki nusu?

Panya, nikasema.

Panya wa siku hizi wana vijiko, akasema, akaendelea na chai yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejifungia chumbani. Kopo liko mapajani. Nilikuja kulitupa, kwa kweli. Ni kuonja tu kwa mara ya mwisho —

Mama anagonga. Hana hasira, na hapo ndipo ninapoishiwa nguvu. Amekuja na kile kipimo chake cha sukari, nilichomnunulia mimi na kumfundisha mimi. Anasema nifungue, nilete kidole. Anasema haiumi, ni sekunde moja tu, na wala hatanigombeza. Maneno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine!

Nimejaribu kuitikia. Kijiko bado kimo mdomoni.