Usukani wa Bwana Lami

Jumatatu, 3 Machi

Leo gari imetikisika tena. Tulikuwa tunarudi kununua vitambaa, barabara kuu tupu mbele yetu, sina hili wala lile. Mshale ulipofika themanini usukani ukaanza. Kwanza kidogo, kama simu inayoita mfukoni. Halafu kulia kushoto, kulia kushoto, mpaka miwani ya mume wangu, Bwana Lami, ikamshuka puani.

Kama kawaida, nikanyoosha mkono wangu wa kulia nikaushika usukani kwa chini. Kama kawaida, yeye akakanyaga mafuta. Hii inapitwa, anasema, ikifika mia inatulia! Na kweli ikatulia. Akanitazama kama mtu aliyefunga goli.

Nikamuuliza, hivi gari hii ina nini? Akasema ni barabara. Tangu yeye astaafu hakuna anayejua kushindilia kifusi.

Maisha yake yote ya kazi alisimamia ujenzi wa barabara, ndiyo maana kazini walimpa jina la Bwana Lami, na mimi nimelirithi. Kwake yeye kitu kikitikisika, kosa liko chini. Hata ndoa yetu ikitikisika nadhani ataangalia sakafu kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa gauni la kijani amekuja kupima. Kumbe jana alitupita barabarani na mume wake. Walituona! Anasema alimpiga mumewe kiwiko – tazama wazee wale, wameshikana mikono mpaka kwenye usukani, wewe hata sokoni hunishiki. Nilikuwa na pini mdomoni, nikaziacha humo humo. Ningesema nini? Kwamba pale tulikuwa tunapigania roho zetu?

Lakini humu hakuna anayesoma, niseme tu. Mkono wake huwa unaufunika wangu pale. Nyumbani hata kikombe akinipa hukiweka mezani nikichukue mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Kitinda amepiga simu! Ndiye binti yetu wa mwisho, mimba ya miezi saba. Daktari amemwambia apumzike, mume wake yuko safarini kikazi, kwa hiyo anakuja kukaa kwetu mpaka ajifungue. Nimeruka! Nimeshaanza kuwaza mashuka ya kitanda chake.

Halafu akasema atapanda basi. Bwana Lami akaninyang'anya simu. Basi? Mwanangu apande basi na baba yake ana gari? Atamfuata mwenyewe, Jumamosi ya wiki ijayo. Akanirudishia simu akaenda kumwogesha mke mwenzangu. Ndivyo ninavyoiita ile pikapu yake ya milango minne. Mimi ningeota kipara asingejua, lakini yeye akipata mkwaruzo mmoja hatulali.

Nikabaki nimekaa. Njia ya kwenda kwa Kitinda yote ni barabara kuu, na malori yanakuja mbele. Mtoto wangu ndani ya gari ile, na mtoto wake ndani yake. Furaha yote ikatumbukia nyongo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda gereji kwa Spana. Nimejidai napeleka ovaroli niliyomshonea. Spana na mume wangu ni marafiki tangu meno ya utoto. Yeye ndiye aliyeinyanyua pikapu juu na kuifunga yale matairi manene – zawadi ya kustaafu. Bwana Lami alilia siku ile. Kwa matairi! Siku ya harusi yetu macho yalikuwa makavu.

Nikamuuliza Spana bila kuzunguka. Akafuta mikono kwa kitambaa hata pale penye usafi. Shemeji, anasema, tatizo nimeliona tangu mwaka jana. Matairi ni makubwa kuliko gari ilivyozaliwa. Viungo vya usukani vimechoka kuyabeba, vimelegea, na tairi ikigonga hata kokoto, mtikisiko ukianza haujui pa kuishia. Alishaifunga shokapu ya kuutuliza usukani, ila ile ni dawa ya maumivu tu, ugonjwa upo. Dawa yenyewe ni kurudisha tairi za zamani na kubadilisha viungo. Siku moja usukani utamshinda mikononi, akasema, na hakutabasamu.

Sasa mbona hujamwambia?

Nimwambie zawadi yangu itamuua? Na kila nikifungua mdomo ananiambia ni barabara. Mwambie wewe.

Mimi! Wewe ndiye fundi.

Wewe ndiye mke.

Tukasukumiana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho akanifundisha: ikianza, mtu atoe mguu kwenye mafuta. Asikanyage breki kwa nguvu. Ashike usukani, aache gari ipungue yenyewe. Yaani kinyume kabisa cha mume wangu!

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu. Nimemsubiri ashibe, nikasema kwa upole, Spana angeitazama gari kabla ya safari. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Ananionea huruma, mimi nisiyeelewa mambo ya barabara.

Basi nikamwambia, twende tukatembee kwenye kipande chako. Kile cha baada ya daraja, alichokisimamia mwaka wake wa mwisho kazini. Kimenyooka, kimelala kama shuka lililopigwa pasi. Akipita pale hupunguza redio ili asikilize matairi. Nikasema leo nimempata.

Tukavuka daraja. Redio chini. Themanini – ikaanza! Mkono wangu, mkono wake, mafuta, mia, ikatulia. Nikamgeukia. Haya, na hapa?

Akakohoa. Ni upepo, akasema. Hapa pamekaa wazi sana.

Majani ya pembeni yalikuwa yamesimama kama yanapigwa picha! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Na yeye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kununa. Lakini nilipoingia ndani nilikaa kitandani nikasahau kuvua viatu. Ninaogopa. Sitaki kumzika mtu kwa sababu ya aibu ya wazee wawili.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Mara mbili.

Nilimpigia Kitinda kwa siri, panda basi tu mwanangu, baba yako siku hizi anachoka. Mtoto huyu na roho yake nzuri, akampigia baba yake kumpa pole ya kuchoka! Sasa Bwana Lami anaruka kamba uani, mbele ya dirisha langu, ili nione. Ameruka, amepumzika kwa kujidai anafunga kamba ya kiatu, ameruka tena.

Ijumaa, 14 Machi

Spana amekuja. Tulikubaliana kwa simu kwamba leo aseme. Nikakaa kwenye cherehani, kitambaa mkononi, mashine sijaiwasha, masikio nje.

Spana akaizunguka gari. Akagusa tairi la mbele. Akavuta pumzi – nikamwona kabisa anavuta! Bwana Lami akampiga bega: ndugu yangu, tangu unifungie hizi najiona kijana tena. Spana akazimeza pumzi zote. Akaomba maji ya kunywa.

Maji! Mwanaume mzima, kifua kama kabati, ameshindwa na kupigwa bega. Akaingia chini ya gari kukaza alichoweza kukaza. Wakati wa kuondoka akaninong'oneza mlangoni, mwendo usizidi sabini, shemeji, nakuomba.

Nikamfuata mume wangu. Nikamwambia kesho ukizidi sabini mimi nashuka, gari ikiwa inatembea. Akaona sitanii. Ameapa. Sabini.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika garini, pembeni ya barabara. Mwandiko mbaya, potelea mbali. Nisipoandika nitapiga kelele.

Kwenda tulikwenda salama. Sabini aliishika kama alivyoapa, maskini, na kila basi lililotupita aliliita muhuni. Kitinda alitufungulia mlango, tumbo limemtangulia! Baba yake akabeba mabegi yote peke yake, ili ionekane hachoki.

Akikaa nyuma Kitinda hutapika, kwa hiyo akakaa mbele, kwenye kiti changu. Mimi nyuma na mabegi. Nilimwekea mto mgongoni, maji, mfuko wa kutapikia. Nilifikiria kila kitu. Ule mkono sikuufikiria.

Wakati wa kurudi, kabla ya kufika darajani, tukaingia kwenye kipande chake. Redio chini. Sikiliza lami hii, akamwambia Kitinda, mtoto tumboni atalala mwenyewe. Akaanza kumsimulia walivyoimwaga, tabaka kwa tabaka, na kwa raha zake akausahau mguu. Nikaona mshale. Baba Kitinda! nikasema. Themanini. Mbele lori linakuja.

Ikaanza. Haijawahi kuwa vile. Dashibodi, viti, mpaka meno mdomoni. Kitinda akapiga ukelele akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Nani alimwambia kwamba kiti kile kina kazi? Nikajirusha katikati ya viti, nikaufikia usukani kwa ncha za vidole. Nikaona goti la mume wangu linashuka kwenye mafuta – anataka kuipita!

Toa mguu! Toa mguu!

Sijawahi kumpigia kelele vile tangu anioe. Akatoa. Tukaenda tunayumba, upande wetu, upande wa lori, honi masikioni, kisha upande wetu tena. Mtikisiko ukapungua. Ukapungua. Ukaisha. Gari ikaingia kwenye majani ikasimama.

Kitinda mzima. Mtoto anacheza, nimegusa mwenyewe – teke la haja! Nimeweka uso kwenye bega la binti yangu nikalia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Bwana Lami alishuka. Nilijua anakwenda kuangalia tairi. Hakuliangalia. Alirudi nyuma kwa miguu, pembeni pembeni, mpaka pale ilipoanzia. Akachuchumaa. Akaipapasa lami kwa kiganja, huku na huku. Anatafuta shimo, ufa, hata kinundu. Hakuna. Nilikuwa nimempata, wiki nzima nilitaka kumpata, na sikuona raha yoyote. Mzee wangu amechuchumaa barabarani na shati limemtoka nyuma. Nilitamani kungekuwa na shimo.

Aseme barabara mbovu, hii aliyoijenga yeye? Au aseme gari?

Akarudi. Akasimama mlangoni akampigia Spana. Simu yake huongea kwa spika siku zote, hajui inapozimwa, kwa hiyo sote tulisikia.

"Gari inatikisika," akasema. Hakusalimia.

"Uko wapi?"

"Kwenye kipande changu."

Spana, taratibu sana: "Basi si barabara."

"Si barabara."

"Mpo wazima? Shemeji? Mtoto?"

"Wazima."

"Usiiwashe, ndugu yangu. Nakuja na gari ya kuvuta. Sikiliza, mimi zamani nilitaka kukwambia..."

"Najua. Nilikuwa nakukatiza."

Basi. Hayo tu. Miaka yote ile ya urafiki, na maneno yenyewe yalikuwa yanatosha kwenye kiganja.

Sasa tunamsubiri. Spana si mtu wa haraka, na sijui atamkokota vipi huyu mke mwenzangu na matairi yake. Sijui pia Kitinda atafika nyumbani kwa gari gani. Ameniuliza, nimemwambia tuliza moyo. Nimeitazama barabara kuona kama kuna basi linakuja. Mume wangu ameona ninatazama nini.

Amerudi kwenye kiti chake. Malori yanarusha vumbi, Kitinda anakohoa, tumefunga vioo vyote. Joto ndani, tunatota jasho. Gari imezimwa, ufunguo ameutoa akaniwekea mapajani bila kuombwa. Halafu bila kugeuka amepitisha mkono wake nyuma kati ya viti, unanitafuta. Nimempa wa kushoto, wa kulia ninaandikia.

Kitinda ameutazama mkono wa baba yake.

"Baba, mbona unatetemeka?"

"Ni upepo," amesema.