Kwa Nini Sikushuka Kwenye Boti

Uvira, Jumapili mchana

Mke wangu Zaina,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mnaolala chini ya bati letu hapo Nzega. Mguu wa mama yako unaendeleaje? Na Rehema wetu, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe na mwandiko huu mbaya unaujua. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua kaka yako Juma alisimama bandarini Kigoma, boti ikafika, abiria wakashuka mpaka wa mwisho, na mimi sikuwamo. Sijui alikupigia akakuambia nini. Huku simu hazishiki kabisa tangu vita vishuke bondeni. Barua hii nampa mama mmoja muuza samaki ambaye anavuka kesho.

Sasa nikueleze yote, pamoja na lile ambalo ningependa ulikose.

Lile gari dogo jeupe la Kijapani, uliloliona nilipopitia nyumbani nikitoka nalo bandarini Dar, nililifikisha salama. Nilivuka Bujumbura, pale forodhani Kavimvira wakagonga mihuri yao, nikalikabidhi kwa mwenyewe. Mwenyewe ni Mwalimu Byamungu, mzee mjane, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza hadi nywele zikamwisha. Aliuza ng'ombe wake wote wa Runingu ili apate gari la kubeba abiria. Kuendesha hajui. Alilizunguka mara tatu, akaona usukani uko kulia, akacheka sana.

"Shofere, huku kwetu volani iko kushoto. Minye nitakuwa nakaa fasi ya shofere bila kujua kazi!" (Minye ndiyo "mimi" yao huku.)

Nilikuwa nianze safari ya kurudi kesho yake. Alfajiri hiyo mizinga ikaanza kusikika upande wa bonde la Ruzizi, na kabla jua halijapanda mpaka ukawa umefungwa. Mwalimu akaniambia nikae kwake hadi njia ipatikane. Siku ya tatu tukasikia wenye bunduki wanapita mitaani wakichukua magari ya watu, na dereva akipatikana anachukuliwa na gari lake. Mtaa ule peke yake walichukua madereva wawili. Wake zao bado wanauliza.

Basi tuliling'oa matairi yote manne, tukalikalisha juu ya matofali, betri tukaificha chini ya kitanda cha Mwalimu, na gari tukalitandikia mikeka ya kuanikia ndagala, hawa dagaa wetu. Walikuja. Mmoja akafunua mkeka, akachungulia.

"Mbona motokari hii haiko na miguu?"

"Ndivyo ilivyonifikia," Mwalimu akajibu. "Wazungu wa huko mbali wameniibia."

Wakaenda zao wakicheka. Jioni ile Mwalimu alisali rozari mbili, akasema moja ni ya uongo wake.

Wiki mbili zikapita hivyo. Halafu nahodha mmoja wa Kalundu, bandari ya hapa Uvira, akanipa nafasi kwenye boti ya kuja Kigoma, Ijumaa saa mbili asubuhi. Ndipo nikamtumia Juma ujumbe ule kwa mdomo wa watu. Mfuko wangu niliufunga tangu Alhamisi.

Ijumaa kumepambazuka, niko uani nanawa, akaingia mama mmoja jirani, analia bila sauti. Mkwe wake, Esperansi, alikuwa na uchungu tangu jana, na mkunga wa mtaani amesema mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali haraka. Pikipiki hakuna. Wanaume wa kubeba machela hakuna. Wengi wamekimbia, na waliobaki hawakufungua milango. Familia ile ni ya wasema Kirundi waliotoka bondeni, na tangu vita vianze watu wa mtaa, kwa kuwadhania ni wa upande wa adui, walikuwa wamewapunguzia hata salamu.

Mwalimu alitazama mikeka, kisha akanitazama mimi.

"Boti yako inaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi weye uende. Nitatafuta muntu mwingine."

Zaina, tulijua wote wawili kwamba hakuna mtu mwingine. Nikamwambia alete jeki.

Sijawahi kufunga matairi upesi vile. Nati moja iliangukia mchangani tukaitafuta kwa vidole. Esperansi tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, Mwalimu akakaa mbele kushoto kwangu. Barabara ilikuwa tupu kiasi kwamba nilisikia kila jiwe likigonga chini ya gari.

Kwenye daraja la Mulongwe walikuwa wameweka kizuizi. Kijana mwenye bunduki alikwenda moja kwa moja mlango wa kushoto, akaufungua kwa nguvu ili amtoe dereva, akamkuta Mwalimu na rozari yake. Akanijia mimi, akaniamuru nizime, nishuke, nifungue nyuma, nipande, niwashe. Nilipowasha, ile sauti ya mwanamke ndani ya dashibodi, ambayo husema maneno yake ya Kijapani kila gari likiamka, ikasema.

Mtutu ukaingia dirishani.

"Nani anaongea? Munaongea na nani?"

"Iko motokari tu," Mwalimu akasema taratibu. "Ilizaliwa Japani. Inasalimia."

Hapo hapo uchungu ukambana Esperansi. Akapiga kelele kwa Kirundi, Mungu wangu: "Mana yanje!"

Yule kijana akageuka. "Na huyu naye iko motokari?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona mama mkwe kwenye kioo, amemziba binti mdomo kwa kiganja.

"Huyo ni mutoto yangu," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuita majina darasani. "Anazaa. Kama unataka kumuuliza kitu, muulize akimaliza."

Mkubwa wao akasogea, akamtazama Esperansi, akaona damu kwenye kanga. Akachukua kitambulisho cha Mwalimu, akakitia mfukoni. "Endeni. Tutaikuta motokari hopitali. Mukiihamisha, tutakutafuta weye mwenye jina hili."

Saa mbili ilinikuta hapo, kwenye daraja. Ndiyo sababu ya kwanza sikuwamo.

Wauguzi walimpokea Esperansi, wakamwingiza chumba cha kupasulia. Sisi tukabaki uani. Hazikupita dakika nyingi wakaja watatu kwa miguu, siyo wale wa daraja. Hawa hawakuwa wametuona tukifika, hawakujua nani aliendesha.

"Shofere wa hii motokari ni nani? Tunaenda bondeni sasa hivi."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, ndani ya mfuko. Nilikuwaza wewe, nikamwaza Rehema. Nikawaza wale madereva wawili.

"Ni minye," Mwalimu akasema. Akaninyooshea mkono. "Kijana, nipe ule ufunguo niliokuwekesha."

Nikampa. Hilo ndilo nililotaka ulikose, mke wangu. Nilimpa.

Alikwenda mlango wa kushoto. Mmoja wao akamwambia, "Volani iko kule, muzee," naye akasema macho yake siku hizi yanamdanganya, akazunguka. Wawili wakapanda nyuma, mmoja mbele. Gari ni la otomatiki, kwa hiyo liliwaka bila shida, likasalimia kwa Kijapani. Kisha Mwalimu akavuta kile kijiti cha gia, akakanyaga, na gari likaruka kama mtu aliyeumwa na siafu. Likavuka ua wote, wanawake wakitupa ndoo na kukimbia, likajigonga kwenye ukuta wa mawe wa dobi. Mvuke ukapanda. Maji ya rejeta yakamwagika yote.

Aliyekaa mbele alipasuka paji la uso. Walimtoa Mwalimu, wakampiga kitako cha bunduki ubavuni, mara mbili, mimi nikiona. Halafu wakalipiga gari teke, wakaliona ni mzigo, wakaondoka.

Alikuwa bado chini nilipomfikia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Muulize muuguzi Esperansi anaendeleaje."

Esperansi ni mzima. Amejifungua mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Mtaa sasa unawapelekea uji, hata wale wasiofungua milango.

Mwalimu amevunjika mbavu mbili. Wale wa daraja walilikuta gari limebonyea pua, wakamtupia kitambulisho chake, ndipo tukalisukuma hadi nyumbani, na mimi ninaiziba rejeta kwa vifaa vya kuokoteza. Nilimuuliza, "Mwalimu, ulifanya makusudi?" Akasema, "Breki iko wapi, mpaka leo sijajua." Akacheka, akashika ubavu, akaniomba nisimchekeshe tena.

Juzi, wiki moja baada ya ile ya kwanza, boti nyingine imeondoka Kalundu. Nafasi nilikuwa nayo. Sikupanda, Zaina, na safari hii hakuna aliyenizuia. Utakasirika na una haki. Lakini mzee huyu hawezi kuinama. Kila asubuhi anataka kwenda misa, anakaa kitandani na viatu vyake mbele yake, anaona haya kuniita. Mimi napiga magoti namfungia kamba, naye anatazama dirishani mpaka nimalize. Siku nitakapomwona ameinama akazifunga mwenyewe, siku hiyo nitakwenda Kalundu.

Mpe mama mkwe wangu shikamoo ya adabu zote. Juma mwambie anisamehe jua lililompiga pale bandarini, na asiende tena mpaka apate neno langu. Fundi Saidi wa gereji mwambie aniwekee rejeta yoyote nzuri ya gari dogo, nitaituma huku nikifika. Rehema mbusu, mwambie baba yuko kwa babu mmoja mwalimu.

Nisamehe kwa kuchelewa, na kwa ule ufunguo.

Mimi mumeo,
Athumani