Rahma na Ziwa la Wifi

Maskati, Alhamisi, 8 Oktoba 1970

Basi kumbe kumpenda tu hakutoshi.

Rahma, mtoto wa marehemu shoga yangu, ana siku tisa tangu aletwe kwetu kutoka Unguja, na mwisho wa Shaabani anatimiza miaka miwili. Kabla ya hapo lazima wifi yangu Zuwena amnyonyeshe mara tano, ili Nassor wangu awe mjomba wake wa ziwa. Akishapita miaka miwili, kunyonya hakujengi tena udugu. Atakua mwanamwali asiye maharimu wa mume wangu, yaani anayeweza kuolewa naye, na watu watasema aondoke.

Leo Zuwena alikuja kutoka Qantab na kichanga chake, akampakata Rahma, akampa ziwa. Mtoto akamng'ata.

"Lo! Wifi, umeniletea papa!" alipiga ukelele. "Miye basi!"

Nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia. Mara tano, na bado hata moja.

Nassor, bwana harusi wangu wa miezi mitatu, roho yangu, alinifuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. "Hana njaa, habibti. Nani anyonye naye ameshiba halua?"

Halua! Ni mimi niliyemlisha asubuhi nzima, ili anipende.

Naogopa. Jana aliniita mama. Nikimpoteza sasa...

Nimemwambia Zuwena atutandikie godoro. Kabla Shaabani haijaisha tutakwenda Qantab, mimi na Rahma, bila halua, na hatuondoki mpaka anyonye mara ya tano.