Nani Mrushaji Bora wa Rede: Kikao cha Kamati ya Kombe, Irente

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni 2025
MAHALI: Darasa la Tano, shule ya msingi

WALIOHUDHURIA
Bi. Bertha Shekiondo – Mwenyekiti
Bi. Jenoveva Mkufya – Mjumbe, mrushaji wa miaka ya themanini
Mwl. Justin Shemdoe – Mjumbe, mwalimu wa michezo
Bi. Dotto Masanja – Mjumbe, mfanyakazi wa shamba
Eliza Kilua – Katibu

HAKUHUDHURIA
Bw. Paskali Shemweta – amekwenda Mlalo kutafuta mbegu za viazi

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kwa sala saa 9:00 alasiri. Alieleza kwamba kombe jipya linakwenda Tanga Jumatatu kwa fundi wa kuchonga, na lina nafasi ya jina moja tu. Kikao kichague mrushaji bora kuliko wote waliopata kurusha hapa.

KUMB. NA. 2/6/2025: MAJINA
Mwl. Justin alimtaja Secilia, mwanafunzi wa darasa la saba. Bi. Jenoveva alijitaja mwenyewe. Mwenyekiti alimtaja marehemu Evelina Kilua, ambaye miaka ya tisini walirusha pamoja naye, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Kwa kuwa marehemu, aliyefariki Februari, ni dada wa Katibu, Katibu aliulizwa kama kalamu ishikwe na mwingine. Alisema ataendelea.

KUMB. NA. 3/6/2025: NAMNA YA KUPIMA
Mwl. Justin alieleza kwamba Secilia akirusha, anayekwepa mpira katikati huku akijaza chupa mchanga hupigwa kabla hajafika nusu ya chupa.

Bi. Jenoveva aliuliza, “Nusu ya chupa ipi, Mwalimu?” Alieleza kwamba wakati wao chupa ilikuwa ya dawa ya kikohozi, ndogo, inajaa upesi, hivyo mrushaji hakuwa na muda wa kuchezea. Mwl. Justin alijibu, “Lakini mdomo wake ulikuwa mwembamba, mama.” Mwenyekiti aliongeza kwamba wakati wa marehemu chupa ilikuwa ya soda. Hesabu ilijaribiwa ubaoni, ikafutwa.

Mwl. Justin alisema mpira wa soksi na matambara ulikwenda polepole kuliko wa tenisi wa siku hizi. Bi. Jenoveva alimwambia, “Simama pale nikutupie wa soksi, uone kama Jumatatu utafundisha.” Bi. Dotto alisema kwao rede haina chupa kabisa, akauliza, “Sasa mnampima mrushaji au mnapima mchanga?” Bi. Jenoveva alijibu kwa Kishambaa. Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe.

KUMB. NA. 4/6/2025: MKONO WA MAREHEMU
Mwenyekiti alisema marehemu alikuwa mgumu kukwepwa kwa sababu alirusha kwa kushoto. Bi. Jenoveva alipinga, akasema alimwona kwa macho yake akirusha kwa kulia. Katibu aliombwa aseme.

Katibu alijibu kwamba marehemu aliandika kwa kulia na kukata mboga kwa kushoto. Anakumbuka alivyokuwa akiufuta mpira kwenye sketi, na alivyokuwa akiuma mdomo wa chini. Lakini ni mkono upi uliorusha, hakumbuki. Alisema amejaribu tangu asubuhi, na kila akijaribu mkono unabadilika. Aliomba radhi.

Bi. Jenoveva alisema, “Usilie, mwanangu, huenda ni mimi nimechanganya.”

Mwenyekiti alisogeza madawati. Alisimama ukutani mahali ambapo angesimama uwanjani, akatazama ukuta wa pili, akamwomba Bi. Dotto aseme “rusha” bila kumwonya. Bi. Dotto alisubiri mpaka watu wakaanza kukohoa, ndipo akasema. Mikono ya Mwenyekiti ilikwenda kudaka upande wake wa kulia. Ilirudiwa mara mbili, ikaenda huko huko. Mwl. Justin alieleza kwamba mtu anayekutazama akirusha kwa kushoto, mpira hukujia upande wako wa kulia. Mwenyekiti alikaa chini, akasema, “Ni wa kushoto, Eliza. Mikono hii ilimdaka miaka sita.”

Bi. Jenoveva alisema amekubali.

KUMB. NA. 5/6/2025: KURA
Secilia alipata kura moja, Bi. Jenoveva moja, marehemu moja. Bi. Dotto alisema hajamwona hata mmoja akirusha, hawezi kuchagua. Ilibaki kura ya Katibu. Bi. Jenoveva alisema, “Mpe dada yako, mimi sitanuna.” Katibu alijibu kwamba hakumwona Bi. Jenoveva akiwa msichana, wala hajamwona Secilia akirusha, hivyo kura yake ingekuwa ya dada, si ya mjumbe. Hakupiga.

Iliamuliwa kombe lichongwe REDE – IRENTE, bila jina la mtu.

Kikao hakikukubaliana nani alikuwa bora. Kilikubaliana, bila mjumbe kupinga, kwamba Evelina alirusha kwa mkono wa kushoto.

Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe saa 11:20 jioni, madawati yakiwa yamerudishwa mahali pake.

B. Shekiondo, Mwenyekiti ……………………

E. Kilua, Katibu ……………………